Kabla ya kushika bomba la dawa, mjue kiwavi kwa ukoo wake

Mvua za masika zikishika Kingolwira, mahindi hayawi mbali na mlango wa mtu. Yako nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuku, pembeni mwa njia wanayopita watoto kwenda shule. Ndiyo maana mara nyingi anayegundua kwanza kwamba kuna tatizo si baba wala mama, bali ni mtoto. Anarudi ndani ameshika jani lenye matundu, juu yake kiwavi anajikunja, na anauliza: "Mama, huyu ni nani?"

Katika kaya nyingi jibu ni moja: "Tupa huko, mdudu huyo!" Jioni bomba la kupulizia linashushwa mgongoni mwa ukuta, na dawa iliyobaki msimu uliopita inatolewa mvunguni, pengine ikiwa kwenye chupa ya soda. Dawa gani, ya mdudu gani, kwa kipimo gani, hakuna anayekumbuka.

Lakini swali la mtoto lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa. Huyu ni nani? Mzazi anayeweza kulijibu anaokoa fedha, anaokoa mahindi na, lililo kubwa zaidi, anapunguza sumu inayoingia katika nyumba yenye watoto.

Nondo, lakini si wa ujenzi

Viwavi wanaosumbua mahindi ni watoto wa nondo. Hapa hazizungumzwi nondo za kumwagia zege. Nondo huyu ni mdudu wa familia moja kubwa na kipepeo, anayeruka zaidi usiku na kuizunguka taa ya barazani. Wengi wao wana rangi ya kijivu au kahawia, na wakitulia huyakunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba au huyalaza bapa, wakati kipepeo kwa kawaida huyasimamisha wima.

Maisha yake yana hatua nne. Jike hutaga mayai, mayai huanguliwa viwavi, kiwavi hula na kujivua ngozi mara kadhaa, kisha hugeuka pupa, na ndani ya pupa hutengenezwa nondo mwenye mabawa. Anayeharibu mazao ni kiwavi peke yake. Nondo mzima hanyonyi zaidi ya maji na utamu wa maua.

Kwa hiyo mtu anayemtazama nondo kwenye taa na kiwavi kwenye hindi anaweza kuwa anamtazama mdudu yuleyule katika umri tofauti, bila kujua.

Jina la ukoo na jina la mtu

Wanasayansi wana utaratibu wa kuwapanga viumbe ambao Mluguru yeyote ataelewa bila kufundishwa. Kwa Waluguru, mtu hubeba ukoo wa mama yake. Ukikutana na mgeni Matombo au Mgeta, ukiujua ukoo wake tayari umejua mengi: nani ni ndugu zake, nani anaweza kumwoa na nani hawezi.

Wadudu nao wana jina la ukoo na jina la mtu. Utaratibu huo wa majina mawili ulienezwa na Msweden Carl Linnaeus, na kwa wanyama unahesabiwa kuanzia mwaka 1758. Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo. Jina la pili ni la spishi, yaani mwenyewe.

Ukoo unaowahusu wazazi wa Kingolwira unaitwa Spodoptera. Jina hilo lilitolewa mwaka 1852 na Mfaransa Achille Guenée. Duniani kote ukoo huu una spishi zipatazo 30. Wachache kati yao ndio wanaojulikana kwa Kiswahili kwa jina moja tu la viwavijeshi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: jina moja, wadudu tofauti.

Wanaokaa nyumbani na wanaosafiri

Ili kuuelewa ukoo huu, inafaa kwanza kuutazama ukoo mwingine wa nondo ambao tabia yake ni kinyume kabisa.

Katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kuna jenasi ya nondo wadogo sana iitwayo Hyposmocoma. Spishi zake zaidi ya 350 zimeshatambuliwa, na hazipatikani kwingine. Inaaminika mababu wao walifika visiwani zamani mno, kisha watoto wao wakatawanyika kwenye mabonde, mito na misitu, kila kundi likibaki peke yake hadi likawa spishi yake. Viwavi wao hujishonea vifuko vya hariri na kutembea navyo kama konokono na nyumba yake. Baadhi wanaweza kuishi majini na nchi kavu pia. Mwaka 2005 watafiti walitangaza mmoja anayemfunga konokono kwa hariri na kumla.

Hivyo ndivyo kisiwa kinavyofanya kazi: kinawatenga ndugu mpaka wanakuwa tofauti.

Wakazi wa Morogoro hawahitaji kusafiri hadi Hawaii kuliona jambo hilo. Milima ya Uluguru, inayoonekana ukiinua macho tu ukiwa Kingolwira, nayo ni kisiwa, ila imezungukwa na tambarare lenye joto badala ya bahari. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake ya baridi na ukungu imekaa peke yake kwa muda mrefu sana. Kuna ndege, vyura, mimea na wadudu wa huko ambao hawapo penginepo. Ndege mmoja anayeitwa kwa jina la kisayansi Malaconotus alius anaishi katika misitu ya Uluguru tu. Kikiharibika kisiwa chake, hana pa kuhamia.

Spodoptera ni wa tabia nyingine. Hawa ni wasafiri. Hungoja giza, hupanda juu na kuchukuliwa na upepo. Kiwavijeshi vamizi akishakuwa nondo anaweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kwao bahari si ukuta na mlima si mpaka.

Wanne wa kuwafahamu

Mzazi hahitaji kuwajua wote 30. Wanne wanatosha.

Wa kwanza ni kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta. Huyu ni mwenyeji, na ndiye aliyelipa kundi zima jina la jeshi. Hula mimea ya jamii ya nyasi tu: mahindi, mpunga, mtama, ulezi na malisho ya mifugo. Maharage, mihogo na mchicha hagusi. Mvua zikianza, nondo wengi hushuka mahali pamoja, hutaga, na baada ya siku chache ardhi inakuwa nyeusi kwa viwavi wanaotembea kwa pamoja wakimaliza shamba moja na kwenda jingine.

Ana siri moja. Viwavi wake wakiwa wachache na wametawanyika, huwa na rangi ya kijani au kahawia na hujificha. Wakiwa wengi na wamebanana, hugeuka weusi kama makaa, wenye mistari myembamba ubavuni. Ni spishi ileile. Mtu asiyejua ataapa kwamba ameona wadudu wawili tofauti.

Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Huyu ni mgeni kutoka bara la Amerika. Hupenda mahindi kuliko vyote, lakini anaweza kula mimea ya aina zaidi ya 80. Hatembei kwa jeshi kubwa kama mwenzake. Huingia katikati ya mhindi, kwenye majani machanga yaliyojikunja kama faneli, na kula humo humo. Alama yake ni kinyesi kinachofanana na unga wa mbao zilizorandwa, na majani yanayofunguka yakiwa na matundu yaliyopangana.

Ukimshika mkubwa, mtazame usoni: ana mistari myeupe inayofanya umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Kisha tazama karibu na mkia: kuna madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Ukiviona vyote viwili, huyo ndiye.

Wa tatu ni Spodoptera littoralis, mpenda pamba na mboga. Huyu hushambulia nyanya, kabichi, viazi vitamu na mimea mingine mingi ya bustani. Ana pacha wake wa Asia, Spodoptera litura, ambaye kwa macho ni vigumu hata kwa mtaalamu kuwatofautisha.

Wa nne ni Spodoptera exigua, mdogo na wa kijani, anayejulikana zaidi kwa kula vitunguu na mboga za majani.

Majina yanayobadilika

Kuwapanga ndugu hawa hakukuwa rahisi. Kiwavijeshi vamizi alipewa jina la kisayansi mwaka 1797 na Mwingereza James Edward Smith, aliyemweka katika ukoo mpana uliokuwa ukibeba nondo wa kila namna. Baadaye yeye na kiwavijeshi wa Afrika waliwekwa katika jenasi iliyoitwa Laphygma, na kwa miaka mingi vitabu vya kilimo vya Afrika Mashariki viliwaandika hivyo. Utafiti ulipoonyesha kwamba hawatofautiani vya kutosha na Spodoptera, ukoo wa Laphygma ukaunganishwa humo.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni kwamba nondo hawa wanafanana mno. Rangi ya bawa haitoshi, kwa kuwa hupauka na kutofautiana kati ya dume na jike. Wataalamu hulazimika kupasua tumbo la nondo dume na kutazama viungo vyake vya uzazi kwa hadubini, kwa maana kila spishi ina umbo lake. Siku hizi pia husoma vinasaba. Ni vinasaba vilivyoonyesha kwamba ndani ya kiwavijeshi vamizi mwenyewe kuna makundi mawili, moja likihusishwa zaidi na mahindi na jingine na mpunga, ingawa kwa macho ni yuleyule.

Ujuzi huo uliokoa muda mwaka 2016. Viwavi wa ajabu walipoanza kuharibu mahindi Nigeria, Benin, Togo na kisiwa cha São Tomé, ilikuwa rahisi kudhani ni kiwavijeshi wa Afrika wa siku zote. Umbo la viungo na vinasaba vikatoa jibu lingine: ni mgeni kutoka Amerika, na Afrika ilikuwa haijawahi kumwona. Mwaka 2017 alikuwa ameshafika Tanzania. Mwaka 2018 alionekana India, na mwaka uliofuata China. Katika nchi zenye majira ya baridi kali hufa na kurudi tena msimu wa joto. Katika joto la Morogoro anaweza kuzaliana mwaka mzima iwapo chakula kipo.

Jina linavyobadilisha uamuzi

Mzazi anaweza kuuliza: kama wote wanakula mahindi, jina linanisaidia nini? Linasaidia kwa sababu kila mmoja ana saa yake na maficho yake.

Kiwavijeshi wa Afrika huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Familia nyingi humwona akiwa ameshakuwa mkubwa, siku chache kabla hajaingia ardhini kuwa pupa. Kupulizia wakati huo ni kumwaga fedha, na watoto wanabaki na sumu kwenye shamba ambalo mdudu ameshaliaga. Dhidi yake kinga kubwa ni taarifa ya mapema. Tanzania hutumia mitego yenye harufu inayowavuta nondo dume, ikisomwa pamoja na vipimo vya mvua. Miaka ya mwanzo ya 2000, wilaya ya Kilosa, hapa hapa mkoani Morogoro, ilikuwa ya kwanza kujaribu mpango ambao wanakijiji wenyewe husoma mtego na kutoa tahadhari kwa majirani.

Kiwavijeshi vamizi naye huishi ndani ya faneli, mlango ameuziba kwa kinyesi chake. Dawa inayopuliziwa juujuu haimfikii. Mkulima akiona hafi, huongeza kipimo, huchanganya dawa mbili, hurudia kila wiki. Mdudu anabaki, sumu inaongezeka. Pamoja nayo hufa sisimizi, nyigu, buibui na wadudu kobe waliokuwa wakimla kiwavi huyo bure, na mabaki husombwa na mvua kuelekea Mto Ngerengere, ambao maji yake huingia Mto Ruvu.

Wa tatu na wa nne wakionekana kwenye bustani ya mboga, hatari ni nyingine: mboga huchumwa na kuliwa leo. Kila dawa ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Dawa iliyo kwenye chupa ya soda haina lebo.

Mwili mdogo, sumu ileile

Mtoto si mtu mzima mdogo. Kwa kila kilo ya uzito wake, anapumua hewa nyingi zaidi, anakunywa maji mengi zaidi, na mikono yake inafika mdomoni mara nyingi zaidi. Kiasi cha dawa kitakachompa mtu mzima kizunguzungu kinaweza kuwa hatari kwa maisha ya mtoto wa miaka miwili.

Dalili za sumu za baadhi ya dawa za wadudu ni kutokwa mate na machozi mengi, jasho, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida na degedege. Mzazi asisubiri zote zitokee.

Kama dawa imemwagika mwilini, mvue mtoto nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Kama ameimeza, usimtapishe na usimpe maziwa kwa imani kwamba yataua sumu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe chupa au pakiti ya dawa, kwa kuwa matibabu hutegemea aina ya sumu.

Kinga ni rahisi kuliko matibabu. Nunua dawa kwenye duka la pembejeo linaloaminika, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Iache kwenye chombo chake cha asili, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli. Watoto na mama mjamzito wasiwepo wakati wa kupulizia. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba, kisha kitobolewe kisije kikageuka kopo la kuchotea maji.

Kazi ya mkono na jicho

Kwa shamba dogo la nyumbani, mara nyingi jicho na mkono vinatosha. Kagua mahindi angalau mara mbili kwa wiki tangu yanapochomoza. Jike wa kiwavijeshi vamizi hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, yakiwa yamefunikwa na manyoya laini kama ukungu juu ya jani. Fungu moja likipondwa kwa vidole, viwavi zaidi ya mia hawatazaliwa.

Wakulima wengi hutia mchanga au majivu kidogo kwenye faneli. Kupanda mapema, na kupanda mahindi pamoja na kunde, nako husaidia. Wakulima wengine hupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya ng'ombe pembezoni, mbinu iliyokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe nchini Kenya kwa ajili ya viwavi wa mabua, na imeonekana kumpunguza hata mgeni huyu. Ikibidi kutumia dawa, muulize kwanza afisa ugani, pulizia viwavi wakiwa wadogo, asubuhi na mapema au jioni, ukielekeza ndani ya faneli.

Uharibifu wa hindi lenyewe haupaswi kupuuzwa. Kiwavi akitoboa gunzi hufungua mlango wa fangasi, wakiwemo wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyotobolewa na kuota ukungu yasisagwe kuwa uji wa mtoto. Yachambuliwe, na yaliyo mazima yakaushwe vizuri, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Na mtoto aliyeuliza?

Je, mtoto akimshika kiwavijeshi atadhurika? Hapana. Viwavi wa Spodoptera wana ngozi laini na hawana miiba ya kuwasha. Anawe mikono tu baada ya hapo, na asiwashike kwenye shamba lililopuliziwa dawa.

Wa kuogopwa ni viwavi wenye manyoya marefu, ambao ni watoto wa nondo wa koo nyingine. Manyoya yao yakigusa ngozi huleta muwasho na vipele. Usimsugue mtoto. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na kuubandua ili utoe manyoya, kisha osha kwa sabuni. Yakiingia jichoni, au uso ukivimba na pumzi ikabana, ni safari ya hospitali.

Fundisho kwa mtoto linaweza kuwa fupi: mwenye manyoya usimguse, asiye na manyoya mlete tumtazame. Kisha mzazi na mtoto wainame pamoja juu ya jani, watafute Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne karibu na mkia. Dakika mbili zinatosha kulijibu swali lililoulizwa mlangoni. Uamuzi wa kushusha bomba ukutani, au wa kuliacha hapo lilipo, uje baada ya jibu hilo.